Kila Kidonge na Asili Yake

Mhadhara kwa wazee na familia zao, Chang'ombe, Dodoma, kuadhimisha Siku ya Wazee Duniani

 

Asanteni kwa kuja na jua hili la Oktoba, vumbi limetanda na mvua bado iko mbali. Niliomba kila mmoja aje na dawa zote anazotumia nyumbani, na naona mmeitikia. Wapo waliobeba vifuko vya kitambaa, wapo waliotia vidonge kwenye kopo la maziwa, na mama mmoja pale mbele amevifunga kwenye pindo la khanga. Naomba msifungue bado. Tutafungua pamoja nikimaliza.

Wengi wenu mmekulia karibu na zizi. Jioni mifugo inaporudi, mwenye mji haishii kuhesabu vichwa. Anamtambua kila ng'ombe: huyu ametokana na mahari ya binti mkubwa, huyu ni uzao wa yule mwekundu aliyekufa mwaka wa njaa, huyu ni wa shemeji, nimepewa nimtunze. Akiingia asiyejulikana, watu hawalali mpaka ifahamike katoka wapi. Neno langu la leo ni hilo hilo, nimelitoa zizini kulipeleka kwenye mfuko wa dawa. Kila kidonge anachomeza mzee kijulikane nani alikileta, kinafanya kazi gani, na lini kitaulizwa tena kama bado kinahitajika.

Dawa ile ile, mwili mwingine

Sizungumzii dawa bandia wala zilizopita muda wake. Nazungumzia dawa halali, zilizosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nyingi zikiwa zimeandikwa na daktari anayewatakia mema. Dawa iliyomponya mtu akiwa na miaka 40 inaweza kumwangusha akiwa na miaka 75. Dawa iliyofaa kwa siku tano inaweza kudhuru ikimezwa miaka mitano.

Sababu iko ndani ya mwili. Figo ndizo zinazotoa dawa nyingi mwilini, na tangu mtu anapovuka miaka 40 nguvu yake hupungua kidogo kidogo, hata kama hana ugonjwa wowote. Kipimo cha kawaida cha damu nacho huweza kutupotosha. Kinapima kreatinini, taka inayotokana na misuli. Mzee aliyekonda ana misuli michache, taka yake ni kidogo, kwa hiyo jibu linasoma vizuri wakati figo zimekwisha kuchoka.

Uzee pia hupunguza maji mwilini na kuongeza sehemu ya mafuta. Dawa zinazokaa kwenye mafuta hujikusanya humo na kutoka polepole. Mfano wake ni diazepamu, mnayoijua kwa jina la Valium. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba muda wa kuondoka nusu ya dawa hiyo mwilini unakua pamoja na umri. Kwa kijana wa miaka 20 ni kama saa 20, kwa mzee wa miaka 80 unakaribia saa 90. Hesabuni wenyewe: anayemeza kidonge kila usiku anameza cha leo wakati cha juzi na cha jana bado vinafanya kazi. Anaamka mzito, miguu haina uhakika, anainuka gizani kwenda chooni, anaanguka. Nyonga ikivunjika katika umri huo, habari ya usingizi haizungumzwi tena.

Mwaka 1991

Umoja wa Mataifa ulipitisha siku hii ya wazee Desemba 1990, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1, 1991. Mwaka huo huo, daktari mmoja wa Marekani, Mark Beers, pamoja na wenzake, alichapisha orodha ya dawa ambazo wazee waliokuwa wakilelewa kwenye makao ya kutunzia wazee hawakupaswa kupewa isipokuwa kwa sababu nzito. Orodha hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kimeihuisha mara kadhaa, likiwemo toleo la mwaka 2023.

Mwaka 2008 wataalamu wa mji wa Cork, Ireland, walitoa orodha yao, nayo naipenda kwa jambo moja. Ilikuwa na vigezo 65 vya kusimamisha dawa, na pembeni yake vigezo 22 vya kuanzisha dawa ambayo mzee alistahili lakini hakupewa. Hilo mlishike. Mzee hudhurika kwa kupewa isiyofaa, na hudhurika vilevile kwa kunyimwa inayofaa. Mwenye presha ya kweli anahitaji dawa ya presha. Asitoke mtu hapa leo akatupa vidonge vyake jalalani.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dunia nzima ya kupunguza madhara yatokanayo na dawa, likataja hatua tano za kuwa makini: dawa inapoanzishwa, inapotumiwa, inapoongezwa nyingine, inapopitiwa upya, na inaposimamishwa. Hapa kwetu hatua tatu za mwanzo tunazijua sana. Mbili za mwisho, kupitia upya na kusimamisha, ndizo zilizonileta mbele yenu.

Miguu ya mama yangu

Mimi ni mfamasia. Miaka mingi nimesimama dirishani nikihesabu vidonge vya watu. Nitawaeleza yaliyotokea nyumbani kwetu.

Mama yangu alianza dawa ya presha, amlodipini, akiwa na miaka 68. Ni dawa nzuri, hata leo nawapa wengi. Baada ya miezi kadhaa miguu ikawa inavimba jioni. Kuvimba huko ni tabia inayojulikana ya dawa hiyo. Inatanua mishipa midogo ya damu na maji yanashukia miguuni. Lakini alipoonwa kwenye kliniki nyingine, miguu ilichukuliwa kuwa ugonjwa mpya, akaongezewa furosemaidi, ile tunayoiita Lasix, ili atoe maji. Akaanza kuamka kukojoa mara nne, mara tano kwa usiku. Usingizi ukakatika, akapewa diazepamu. Usiku mmoja akaanguka akielekea choo cha nje. Goti likavimba, nami nikamnunulia diklofenaki. Nilimnunulia mimi, mwanawe, mfamasia, na nilimnunulia kwa miezi. Diklofenaki hushikilia chumvi na maji mwilini, kwa hiyo presha ikapanda, akaongezewa dawa ya pili ya presha. Tumbo likaanza kumchoma, akapewa omeprazoli.

Tulianza na kidonge kimoja tukafika aina sita, na tano kati ya hizo sita zilikuwa zikitibu matokeo ya dawa zilizotangulia. Watafiti Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza mnyororo huu miaka ya 1990: dalili iliyoletwa na dawa inasomwa kama ugonjwa, ugonjwa unaandikiwa dawa, dawa hiyo nayo inaleta dalili yake. Kila aliyemhudumia mama aliona kitu cha kweli, mguu, usingizi, goti, tumbo. Hakuna aliyeketi akamwuliza habari zake zote, mfuko mzima ukiwa mezani. Na mimi niliyekuwa nikila naye chakula kila Jumapili sikufanya hivyo pia.

Vidonge vya kuulizwa kwanza

Sitataja dawa zote. Nitakaa zaidi kwenye mbili, kwa sababu nchi yetu hii kavu inazifanya kuwa kali zaidi.

Ya kwanza ni diklofenaki, ambayo wengi mnaiita diklopa, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni na meloksikamu. Magoti na migongo iliyolima mtama na uwele miaka 50 lazima iume, na maumivu hayo ni ya kweli. Ila dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kijana hahisi kitu. Mzee anayetumia pia dawa ya kutoa maji, pamoja na dawa ya presha ya jamii ya kaptopirili, enalapirili, lisinopirili au losatani, amezibana figo zake pande tatu kwa wakati mmoja. Sasa ongezeni Dodoma. Kuanzia Mei mpaka Novemba hatuoni mvua ya maana. Kuna siku maji ya bomba hayafiki, dumu linasubiriwa, na mzee hunywa kidogo kwa kuwaachia wajukuu, au hupunguza maji ili asisumbue watu kumpeleka chooni. Mwili mkavu, jua kali, dawa tatu. Figo zinaweza kufa ganzi ndani ya siku chache.

Hapa hapa mjini kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Ni jambo la kujivunia, na nawaheshimu wanaoifanya kazi hiyo. Lakini figo ya mzee haitasubiri zamu ya kupandikizwa. Italindwa na swali dogo dukani: mimi nina presha, nina Lasix, je, hii ya maumivu inanifaa? Mara nyingi jibu litakuwa kuanza na parasetamoli kwa kipimo sahihi, mafuta ya kuchua, fimbo nzuri ya kutembelea na mazoezi ya kuimarisha paja. Ikibidi diklofenaki, iwe siku chache zenye tarehe ya mwisho.

Ya pili ni glibenklamaidi, kidonge cha kisukari cha bei nafuu. Kinalazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala, na kwa mzee ambaye figo zimepungua nguvu hukaa muda mrefu mwilini. Tangu mwaka 2013, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka gliklazaidi katika kundi la vidonge vya aina hiyo, ikaonya kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliovuka miaka 60. Fikirini mzee wa kwetu katika miezi ya ghala tupu. Asubuhi amekunywa uji mwepesi, mchana amepitiliza, jioni kuna ugali kidogo na mlenda. Kidonge alikimeza saa mbili asubuhi kama alivyoagizwa. Saa kumi sukari imeshuka chini kabisa. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, hamjui mjukuu wake. Nyumbani watasema ni uzee. Wengine watasema amerogwa, na mzee mwenzake wa jirani atatazamwa kwa jicho baya. Wapendwa, mzee mwenye kisukari akibadilika ghafla, akiwa bado anaweza kumeza, mpeni kitu cha sukari kwanza, kisha mkimbizeni kituo cha afya. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Na akirudi nyumbani, mwulizeni daktari kama kidonge hicho kibadilishwe.

Nyingine nitazipitia haraka. Piriton hunywewa kwa mafua na wengine huitumia kulala, na amitriptilini huandikwa kwa ganzi na maumivu ya mishipa. Zote mbili hukausha kinywa, huzuia mkojo kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua, na huvuruga kumbukumbu. Baba mmoja anaweza kuonekana ameanza kusahau kumbe ni kidonge cha usiku. Prednisoloni ya viungo ikitumika miezi mingi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Aspirini ndogo ya kila siku inamfaa aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo. Kwa asiyewahi kupata hayo, utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uliotangazwa mwaka 2018, wenye wazee zaidi ya 19,000, haukuona kwamba inawaongezea miaka ya afya njema. Ulichoona ni kuvuja damu kwingi zaidi.

Kwa nini tunafika hapa

Ningeweza kulaumu uchache wa madaktari, na upo. Ningeweza kutaja kwamba mzee mmoja anatibiwa zahanati, anatibiwa hospitali ya rufaa, anatibiwa tena akienda kwa mtoto Dar es Salaam, na kila mahali ana kadi yake au daftari lake. Ningetaja pia kwamba mwezi huu anapewa kidonge cheupe, mwezi ujao cha njano chenye jina jingine, akadhani ni dawa mbili, akameza zote, kumbe ni dawa moja mara mbili. Yote hayo yanatokea.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni letu sote. Kwetu dawa ni kipimo cha kujali. Mzee akirudi hospitali mkono mtupu, husema, "Nimekwenda, hawajanipa kitu." Daktari aliyemsikiliza nusu saa akampa ushauri anaonekana hakumtibu, na aliyempa mifuko mitano ya kaki anasifiwa mtaa mzima. Mtoto aliye mbali anatuma pesa, na neno la kwanza kwenye simu ni, "Mama, dawa zipo?" Hakuna anayeuliza, "Mama, dawa zote hizo bado unazihitaji?" Kumpunguzia mzazi dawa kunafanana na kumpunguzia chakula. Ndiyo maana niliendelea kununua diklofenaki. Ilikuwa ndiyo namna yangu ya kusema nampenda.

Nawaomba tujifunze namna nyingine. Kuondoa dawa isiyohitajika nako ni matibabu, na yanataka elimu na uangalifu sawasawa na kuanzisha.

La kufanya

Je, mzee mwenyewe anaweza kubadili jambo hili? Jibu liko Kanada. Mwaka 2014, Cara Tannenbaum na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanyika katika famasi za jimbo la Québec, yenye wazee 303 waliokuwa wakitumia dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kwa muda mrefu. Nusu yao walipewa kijitabu kinachoeleza hatari ya dawa hiyo kwa umri wao na njia ya kuiacha polepole. Baada ya miezi sita, asilimia 27 ya waliopewa kijitabu walikuwa wameiacha kabisa, na kwa wasiopewa ni asilimia 5 tu. Hakukuwa na mashine mpya wala daktari bingwa aliyeongezwa. Mzee alielezwa ukweli kwa lugha anayoielewa, naye akaenda kuuliza.

Kwa hiyo nawapa mambo manne.

Kwanza, kila unapokwenda kutibiwa, beba dawa zote, pamoja na za dukani na za mitishamba. Mwonyeshe mhudumu mizizi na majani unayochemsha, maana baadhi hushusha sukari au presha na kuongezea nguvu ya kidonge.

Pili, kuwe na daftari moja la dawa, lisiwe matatu. Mjukuu anayejua kusoma aandike jina lililo kwenye boksi, inatibu nini, nani aliianzisha, tarehe ya kuanza, na tarehe ya kuipitia upya. Mstari usiojazika ndio ng'ombe asiyejulikana.

Tatu, dalili mpya ikitokea, iwe kuvimba, kizunguzungu, kusahau, kuanguka au kukosa choo, swali la kwanza liwe: je, inaweza kuwa dawa? Muulizeni hivyo mhudumu kabla hajaandika nyingine.

Nne, na hili nalisema kwa kulisisitiza: msiache dawa ghafla kwa uamuzi wenu. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa siku moja huweza kuleta degedege. Prednisoloni ikikatwa ghafla mwili hukosa homoni ambayo ulikwishaacha kuitengeneza, na mtu anaweza kufa. Atenololi na propranololi zikikatwa ghafla huushtua moyo. Dawa za kifafa vivyo hivyo. Hizi hushuka ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo hupangwa na anayejua.

Kwa viongozi na wahudumu wenzangu walioko hapa, nasema kwa heshima. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tumepigania mzee aifikie huduma: matibabu bila malipo kwa asiyejiweza, dirisha lake, na wito wa kumpisha ahudumiwe kwanza. Kazi hiyo ni njema, na bado haijakamilika. Lakini mzee aliyepishwa foleni akafika dirishani kuongezewa dawa ya saba bila kuulizwa habari za sita hajatendewa haki yote. Tutenge walau siku moja kila baada ya miezi sita ya kupitia mifuko ya wazee, daktari au tabibu pamoja na mfamasia. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003 ili kuwafikishia dawa salama watu walio mbali na famasi, ndiyo mlango wa kwanza wa wengi. Muuzaji aliyefunzwa anaweza kumwuliza kila mwenye mvi maswali mawili kabla ya kumpa diklofenaki: una presha? Unatumia dawa gani nyingine? Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia majumbani mwetu wawekewe kwenye kazi zao jukumu la kulitazama daftari la dawa la mzee, kama wanavyoitazama kadi ya kliniki ya mtoto.

Nimalizie habari ya mama. Siku moja aliniuliza, akiwa ameshika karatasi ya vidonge, "Mwanangu, hiki kinanisaidia nini?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikakosa jibu la kweli. Wiki hiyo tulikwenda kwa daktari na mfuko mzima. Diklofenaki ikaachwa, amlodipini ikapunguzwa na baadaye ikabadilishwa, miguu ikanywea, Lasix haikuwa na kazi tena. Diazepamu ilishushwa robo kwa robo kwa zaidi ya miezi mitatu, na usiku wa mwanzo ulikuwa mgumu kwake na kwangu. Omeprazoli ikafuata. Alibaki na kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, na akawa anatembea mwenyewe kwenda kanisani.

Goti liliendelea kumuuma siku za baridi ya Julai, na sikuwahi kulificha hilo kwa mtu. Lakini alikuwa anajua kila kilichoingia kinywani mwake na sababu yake, na aliyeyaanzisha yote hayo ni yeye, kwa swali lake moja.

Sasa, wazee wangu, fungueni mifuko. Wajukuu, toeni kalamu. Tutaanza na mama wa pindo la khanga.